Ukurasa wa Kumi na Tisa

Alhamisi, saa mbili kasoro asubuhi, Inspekta alimkuta Fundi palepale alipomwacha jana: kwenye benchi la korido, karibu na mlango wa mahabusu, mfuko wa nguo mapajani na futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Siku ya tatu hiyo. Mtu wa watu amefunga duka lake la cherehani, amekuja kukalia benchi ambalo hata wezi wa kuku hulilalamikia.

"Leo umemletea la rangi gani?" Inspekta aliuliza.

Fundi alifungua mfuko, akaonyesha gauni la bluu, pindo limeshonwa kwa mkono. Mahabusu wanaruhusiwa kuvaa nguo za nyumbani, na utaratibu ni mmoja: ya jana inatoka, ya leo inaingia.

"Mshonee hata matatu basi, upumzike siku mbili."

"Hapana, Inspekta. Namshonea moja moja. Nikimshonea mawili nitakuwa nimekubali kwamba anakaa." Alilikunja gauni upya. "Na nyie mmesema atatoka Ijumaa."

Inspekta ndiye aliyesema Ijumaa. Alisema Jumanne, kwa mdomo wake mwenyewe, na tangu hapo alikuwa anajilaumu.

Kesi yenyewe haikuwa na mzunguko. Bunge Maalumu la Katiba lilikuwa limekesha siku kumi na moja likibishania mkuu wa dola aitwe nani. Kuna waliotaka Amiri, kuna waliotaka Khalifa, na mjumbe mmoja alipendekeza aitwe Mtumishi, akaanza kucheka mwenyewe kabla hajachekwa. Mwisho wakaelewana: ataitwa Imamu Mkuu, cheo kizito, cha dini na dunia, lakini atakishika miaka saba tu, na Bunge litakuwa na uwezo wa kumvua. Wajumbe mia na ishirini wakasimama wakapitisha. Hiyo ilikuwa Jumatatu mchana.

Jumanne asubuhi katiba ikatoka imechapwa. Imamu Mkuu yumo. Miaka saba haimo, na kuvuliwa hakumo. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, alipouliza, aliambiwa kwamba maneno hayo hayakuwahi kuwemo katika rasimu halisi. Yalichomekwa na mpiga chapa wa Kamati ya Rasimu katika nakala za wajumbe, ati kwa nia ya kukidunisha cheo kitukufu! Nakala zote, hata za magazeti, zikakusanywa siku hiyohiyo, kanda za majadiliano zikafungiwa, na mpiga chapa akabebwa huku mashine yake bado ina karatasi. Kughushi katiba na kukivunjia heshima cheo: miaka kumi na mitano.

Basi watu mia na ishirini walikuwa wanaujua ukweli, na wote walikuwa wamefyata mkia. Wanakamati wanne Inspekta alishawahoji. Wa kwanza hakumbuki. Wa pili hakumbuki. Wa tatu alikumbuka kwamba hakumbuki, na wa nne aliugua ghafla mlangoni. Kilichobaki ni karatasi. Ukurasa wa kumi na tisa wa rasimu halisi, wenye sahihi fupi tano za Kamati, ungeonyesha kama miaka saba ilikuwemo au haikuwemo. Ukionekana, mwanamke anarudi nyumbani. Usipoonekana kabla ya Ijumaa baada ya sala, katiba inatangazwa, na Ibara ya Arobaini na Mbili inaanza kazi: hakuna mahakama, ofisi wala mtu atakayehoji lolote linalohusu cheo cha Imamu Mkuu.

Mpiga chapa mwenyewe, ambaye jengo zima la Bunge lilimwita Mama Chapa, alikuwa ameketi wima katika chumba cha mahojiano na amevaa gauni la jana.

"Miwani yangu mmeipeleka wapi?"

"Ni kielelezo, mama."

"Kielelezo cha nini? Kwamba naona?"

Inspekta aliona aibu akafungua daftari. "Tuanze tena. Ukurasa ule uliupiga chapa wewe."

"Mara sita. Na miaka saba niliipiga mara mbili za mwisho, kwa sababu ndipo walipoelewana. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, Inspekta. Ningekuwa naghushi si ningeghushi kitu cha kunifaa? Ningejipandisha cheo mimi."

"Ufunguo wa kabati la rasimu anao nani?"

"Mimi, Katibu wa Kamati na Spika. Spika hajawahi kufungua kabati peke yake tangu azaliwe." Alinyoosha mguu akakunja uso. "Sita, wewe! Kila wakibadili jina wananirudishia. Asubuhi Amiri, adhuhuri Khalifa. Na ule si ukurasa wa kukunja ukatupa. Sura ya Tano inaanzia pale, na kila sura juu yake ina Bismillahi. Ukiharibika, shuka ngazi hadi kwa Bwana Majivu, tia sandukuni, weka saini, panda. Magoti haya yananidai hadi leo."

Inspekta aliandika "mara sita", akaacha hayo ya magoti. Alikuja kujilaani baadaye, maana yalimgharimu saa nzima.

"Mume wangu yuko nje?"

"Yuko. Ameleta la bluu."

"Mwambie ale," alisema Mama Chapa.

Saa tatu Inspekta alikuwa masijala, ghorofa ya pili ya Bunge. Karani alimwekea faili mezani akabaki amesimama, kama kwamba Inspekta angelila. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwemo: Bismillahi, Sura ya Tano, cheo cha Imamu Mkuu, sahihi fupi tano pembeni. Miaka saba hakuna. Wino mzuri, karatasi ileile, sahihi za kweli. Alikwishaziangalia Jumatano kwa lenzi na hakuona kasoro.

Safari hii hakusoma. Alilipindua faili akaangalia kona, pale zinapoingia pini.

"Faili hili limefunguliwa mara ngapi tangu Jumatatu?"

"Mara mbili tu, bosi. Tulilitoa pini tukalinakili kwa wajumbe, tukabana. Tukatoa tena, tukalinakili kwa magazeti, tukabana tena."

"Kwa hiyo limebanwa mara tatu kwa jumla, ukihesabu ile ya kwanza."

"Ndiyo."

"Niletee taa."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jozi tatu za matundu konani. Wa pili tatu. Wa kumi na nane tatu, wa ishirini tatu. Wa kumi na tisa ulikuwa na jozi moja. Karani aliinama, akahesabu kwa kidole, akainuka taratibu na kurudi nyuma hatua mbili.

"Mimi sijaona kitu, bosi."

"Hujaona," alisema Inspekta. "Lakini mimi nimeona."

Ukurasa ulibadilishwa baada ya faili kubanwa mara ya mwisho, yaani Jumatatu jioni, na pini ikarudishwa katika matundu yaleyale. Sasa ule wa zamani ulikwenda wapi? Ofisi ya Spika ilikuwa na mashine ya kuchana karatasi, na chini yake gunia limejaa. Inspekta alilibeba hadi chumba cha pembeni, akafunga mlango, akamwaga sakafuni, akapiga magoti. Alitoka jasho akiunganisha vipande vyembamba. Kufika saa nne alikuwa amepata ratiba tatu za mapokezi na barua ya mtu anayeomba kazi ya ulinzi, iliyochanwa kabla haijajibiwa. Alikaa sakafuni akishika tama.

Halafu magoti ya Mama Chapa yakamrudia. Si ukurasa wa kukunja ukatupa.

Lahaula! Aliyeutoa ukurasa ule hakuwa mhuni wa mtaani. Alikuwa mtu wa dini. Mtu wa namna hiyo anaweza kuipindua nchi nzima chini juu kwa kalamu, lakini karatasi yenye jina la Mungu haiingizi kwenye mashine ya kuchana. Mkono unakataa. Inspekta alishuka ngazi mbili mbili.

Chini kabisa ya jengo kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, sanduku kubwa la kijani lenye tundu juu, na mtu mnene anayekunywa chai. Kazi yake ilikuwa moja: kupokea kila karatasi iliyoharibika yenye jina tukufu, kuilinda, na kila Alhamisi baada ya Alasiri kuichoma kwa heshima katika tanuri la nyuma, majivu akayafukia. Ndiyo maana ya jina la Bwana Majivu.

"Nifungulie sanduku."

"Una udhu?"

"Bwana Majivu, kuna mtu anafungwa."

"Nasikitika. Una udhu?"

"Sina."

"Bomba liko nje, mlango wa kushoto."

Inspekta, mtu aliyewahi kuvunja milango ya majambazi, alikwenda bombani akakunja suruali, akachukua udhu sawasawa huku saa yake ikimtazama kutoka mfukoni mwa shati. Aliporudi, maji yanamchuruzika viwikoni, Bwana Majivu alikuwa ameshafungua si sanduku bali daftari.

"Kwanza daftari. Hapa hakiingii kitu bila saini, hata cha Spika."

Inspekta alishusha kidole. Jumatatu. Saini ya Mama Chapa asubuhi, tena, tena. Tano zilizoharibika zote zimo, karatasi moja moja. Chini yake, saa kumi na moja jioni: karatasi moja. Saini ndefu, ya mkono mtulivu, ambayo Inspekta alikuwa ameiona katika kila barua ya Kamati. Katibu.

"Alikuja mwenyewe?"

"Mwenyewe. Aliitia akasimama pale muda mrefu. Nikadhani anasoma dua."

Waliipata sandukuni, karibu na juu. Haikuwa imekunjwa. Bismillahi, Sura ya Tano, Imamu Mkuu, *kwa muda wa miaka saba, na Bunge laweza kumvua*, sahihi fupi tano, na konani jozi tatu za matundu. Inspekta aliisoma mara mbili, na hakuona haya kusema Alhamdulillahi kwa sauti. Alisaini kuitoa, akaitia ndani ya jalada gumu, akapanda ngazi taratibu, akiogopa hata kujikwaa.

Katibu alikuwa peke yake ofisini, anapanga vitabu ndani ya maboksi. Alikuwa sheikh wa miaka sitini na kitu, mwembamba, msomi ambaye hata wapinzani wake walimpisha mlangoni. Alipoliona jalada aliketi.

"Umeniwahi," alisema. "Ungechomwa leo."

"Sheikh, huu ukurasa uliutoa wewe."

"Mimi."

Inspekta alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Ilibidi atafute swali jingine. "Na sahihi za wenzako katika ule mpya?"

"Niliwaambia wino umemwagikia wa kwanza. Nani asome tena karatasi aliyoletewa na mimi? Waliweka sahihi wakiwa wamesimama."

"Nani alikutuma?"

"Uliza kingine."

"Siku kumi na moja Bungeni, ni nani aliyeleta hoja ya miaka saba?"

Katibu alitazama mikono yake. "Mimi vilevile. Niliitetea hadi sauti ikakauka. Nilisema cheo cha dini kikiwa hakina mwisho, mwenye cheo atajiona yeye ndiye dini. Yako kwenye kanda. Jumatatu jioni waliniita. Hawakunitisha, wala hawakunipiga. Waliniuliza tu wanangu wanasoma wapi, wakazitaja shule kabla sijajibu."

"Kulikuwa na mashine ya kuchana ghorofa ya juu. Ungeuchana, mimi nisingekuwa hapa."

Katibu alishtuka kweli, kama aliyetukanwa. "Niuchane? Una jina la Mola wangu!"

"Na mwanamke aliyeko ndani je? Yeye hana Mola?"

Sheikh alitoa leso akajifuta uso, na Inspekta, kwa hasira aliyokuwa nayo, hakutaka kujua kama lilikuwa jasho au kitu kingine.

"Utayaandika hayo, Sheikh?"

"Nikiandika itasaidia nini? Hujaambiwa?" Katibu aliangalia saa ya ukutani. "Nenda kwa mkubwa wako, mwanangu. Kimbia."

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Inspekta alikimbia.

Afande Mkuu alikuwa na redio mezani, sauti chini. Alibakiza miezi minne astaafu, na aliihesabu hadharani. Aliusoma ukurasa, akasikiliza habari ya matundu, ya daftari, ya Katibu, bila kukatiza hata mara moja. Alipomaliza alivua kofia.

"Kazi safi. Una nakala?"

"Sina, Afande. Mashine ya kunakili iko ghorofa ya Katibu, imefungwa tangu Jumanne."

"Alhamdulillahi," alisema Afande, na akapumua.

Inspekta hakuelewa. Afande aliongeza sauti ya redio.

Sherehe ilikuwa imeshaanza. Haikusubiri Ijumaa, haikusubiri sala. Mtangazaji alikuwa anasoma kwa sauti ya harusi: kuanzia saa sita kamili ya siku hii njema katiba mpya inatumika, ibara zake zote, Imamu Mkuu akishika cheo chake bila ukomo. Yakafuata majina ya vyeo vipya. Katibu wa Kamati ya Rasimu ameteuliwa Mlinzi wa Cheo, na Mlinzi wa Cheo hashitakiwi wala haitwi shahidi. Makofi. Afande alizima.

"Bado kuna mahakama," alisema Inspekta.

"Ya kuhoji nini? Arobaini na mbili umeisoma wewe mwenyewe, ulinisomea mimi."

"Magazeti basi."

"Gazeti gani?" Afande aliuliza, na hakuwa anakejeli, alikuwa anataka kweli kutajiwa.

Inspekta aliiangalia redio iliyozimwa.

"Nisikilize, mwanangu. Karatasi hiyo tangu dakika tano zilizopita ni matusi kwa cheo. Aliye nayo ni mkosaji. Saa hii aliye nayo ni wewe, na nikiendelea kuitazama ni mimi."

"Na mama wa watu?"

"Jumamosi anapelekwa gereza kuu. Utetezi wake wote unahusu cheo, kwa hiyo hausikilizwi." Afande alijikuna kidevu, macho yakiwa dirishani. "Ningekuwa na la kufanya ningelifanya. Wallahi ningelifanya. Ichane tuyamalize."

Inspekta aliishika karatasi kwa mikono miwili. Alitaka kuichana kwa hasira tu, aone itakuwaje. Mikono haikwenda.

"Ina Bismillahi, Afande."

Walitazamana. Wanaume wawili wazima, mmoja ana nyota begani, na hapakuwa na wa kumcheka mwenzake.

"Basi irudishe ilikotoka," alisema Afande, na akavaa kofia.

Bwana Majivu alikuwa amemaliza chai yake na anapanga kuni. Hakuuliza kilichotokea, mtu wa kazi ile anasoma nyuso kuliko karatasi.

"Una udhu?"

"Ninao bado."

"Karatasi ngapi?"

"Moja."

Inspekta alisaini. Katika ukurasa uleule wa daftari, mistari michache chini ya saini ndefu ya Katibu, ikakaa ya kwake, fupi na yenye kukwaruza. Aliitazama karatasi, mkono ukiwa tunduni. Halafu akaiachia, akaisikia ikitua juu ya nyingine. Alisubiri hadi baada ya Alasiri. Hakulazimika, lakini alisubiri, akasimama kando ya tanuri hadi Bwana Majivu alipochukua koleo, akamsaidia kuyafukia majivu, kisha akarudi kituoni kwa miguu.

Fundi alikuwa benchini. Gauni la jana lilikuwa limeshatoka. Alilikunja mara nne, akaliweka juu ya mfuko. Redio ya zamu ilikuwa inapiga nyimbo za sifa.

"Umeipata ile karatasi?"

Inspekta angeweza kusema hapana. Lingekuwa jambo la huruma, na lingepita.

"Niliipata, Fundi. Ilikuwa kama mkeo alivyosema, neno kwa neno."

Fundi alisimama ghafla, gauni likaanguka, uso wote umefunguka. "Nilijua! Nilikwambia nini mimi? Huyu mwanamke hajui hata kudanganya umri wake! Basi anatoka saa ngapi? Nimchukulie..." Akamtazama Inspekta usoni. Halafu akaitazama mikono ya Inspekta, ambayo haikuwa na kitu, ina masizi tu kwenye vidole.

"Nisamehe," alisema Inspekta.

Walikaa. Polisi wa zamu akapita, akapita tena. Fundi aliokota gauni, akalipangusa vumbi, akalikunja upya kwa uangalifu kuliko mwanzo.

"Huko gereza kuu," aliuliza mwishowe, "nguo za nyumbani wanaruhusu?"

"Wanaruhusu. Wanapokea mara moja kwa mwaka."

"Kumi na tano, basi." Alisema kwa sauti ya mtu anayepokea oda dukani. Alivuta futi shingoni, akaizungusha kwenye vidole, akaitia mfukoni. "Duka la vitambaa linafungwa saa kumi na moja, Inspekta. Ngoja niwahi, nikachukue jora zima."